Tetemeko la Pili

Kigali, 20 Agosti 2025

Shangazi yangu Verediane,

Shikamoo. Habari za Nyamyumba? Najua ziwa limefungwa ili isambaza, dagaa wetu, wazaane, wavuvi wamekaa bure na beseni lako limelala kifudifudi, kwa hiyo safari hii huna kisingizio cha kutonijibu. Nakuandikia kwa kalamu kama tulivyozoea tangu nikiwa shule ya bweni. Simu yako, shangazi, husikilizwa na soko zima.

Nina habari, na sijui nianzie wapi. Ile tamthilia ninayoiandikia hapa Kigali inachukua visa vya kweli vya mambo ya wakubwa, kisa kimoja kila Jumapili. Sehemu ya tisa ni ya ng'ombe wa wajane. Naam, ni kisa kile kile cha Mheshimiwa Onésphore. Majina tumeyabadilisha, lakini ukitazama utamjua kila mtu. Na baba yumo.

Laiti ungeona walichokijenga! Wametengeneza uwanja wa mpira wa Nyamyumba kwenye shamba la mtu nje ya mji, na nyuma yake wametandaza kitambaa kikubwa chenye ziwa letu, na kisiwa, na hata moshi wa wachoma samaki. Asubuhi ile wanawake waliingia uwanjani kila mmoja na kamba mkononi, kama wale wajane wa kweli waliopewa kamba ili wapigwe picha na kuahidiwa kwamba ng'ombe wanakuja. Nilisimama nikashika mdomo. Jambo ulilonisimulia nikiwa na miaka kumi na mitano, nimelaza kichwa mapajani mwako nikilia, lilikuwa linatembea mbele yangu kwa miguu yake.

Mwongozaji wetu ni mtu wa Mwanza, ilibidi nimweleze mambo ya kwetu. Nilimwambia: kwetu mtu akikupa ng'ombe amekupa maziwa, mbolea na heshima, nawe unamlipa kwa kulitaja jina lake. Ukishtuka, ukistaajabu, ukitaka kuaminiwa, unaapa, "Yampaye inka fulani!", yaani fulani ndiye aliyenipa ng'ombe. Linatoka lenyewe, kama wengine wanavyosema "Mungu wangu". Akauliza, "Kwa hiyo huyu mzee alijifichua kwa kushtuka?" Nikasema ndiyo. Mheshimiwa anaiambia tume inayowatafuta ng'ombe wa wajane kwamba hajampa mtu ng'ombe, ardhi inatikisika, mzee wetu anapigwa na hofu, ulimi unateleza, analitaja jina mbele ya umma. Mwongozaji alicheka mpaka akakaa chini. Tukaliandika liwe la kuchekesha.

Usinikasirikie. Wewe unajua nilivyoitwa shuleni. "Binti wa Ulimi." Hata walimu walikuwa wanatabasamu. Nimeona ni afadhali safari hii nicheke mimi kwanza.

Nina ombi. Fundi wa sauti anataka kujua tetemeko lile lilisikikaje. Na pili, mwambie baba taratibu, kwa namna utakayoijua.

Wako,
Iriza


Nyamyumba, 27 Agosti 2025

Iriza wangu,

Marahaba. Barua yako imefika kwa basi la asubuhi, dereva akanipa na salamu za mke wake, na soko zima likajua nina barua. Kwa hiyo simu yangu haina kosa.

Uwanja wa mpira wamejenga shambani na ziwa wamelichora kwenye kitambaa! Nimewasimulia wenzangu hapa, hakuna anayeamini. Gentil mvuvi, ambaye siku hizi kazi yake ni kunywa chai ya watu, amesema, "Bon, kama iko na ziwa ya kitambaa, mi nitaenda kuvua kule, hawaifungake." Nimemwambia apeleke na nyavu za karatasi.

Sasa tetemeko. Mwambie fundi wako ardhi hailii kama ngoma. Kwanza mbwa wananyamaza. Halafu mabati yanagongana kwa mbali, yanakuja yanakuja, halafu ndipo magoti yako yanapopata habari. Na mwambie hivi pia: yalikuwa mawili. Wewe umeandika moja. Mimi nilikuwepo, bega kwa bega na baba yako, na wiki ile mlima wa moto ulikuwa haujatulia, ardhi inatikisika asubuhi, mchana na jioni, hata kuku walikuwa wameshazoea.

Lilikuja la kwanza, kubwa, Mheshimiwa akiwa anaeleza jinsi ng'ombe walivyofika wagonjwa wakafa wote. Watu walianguka. Meza ya tume ilipoteza mguu. Baba yako alinikamata bega akasema "Mama we!" mpaka leo nalisikia. Lilipopita, Mheshimiwa akajifuta vumbi, akatania kidogo, watu wakacheka kwa kuwa walikuwa hai. Kisha akasema neno lake kubwa: "Hakuna mtu aliye hai niliyempa ng'ombe." Mwenyekiti akaanza kukusanya karatasi. Wajane na kamba zao wakaanza kugeuka waende. Hapo ndipo likaja la pili, dogo, mbuzi hata hakuinua kichwa. Na baba yako akapiga ukelele: "Yampaye inka Onésphore!"

Mwenyekiti akauliza, "Ng'ombe gani, mzee?" Mengine unayajua. Walipanda Nyakiriba, wakamkuta Bihogo, ng'ombe wa baba yako, katika zizi la Gratien alikofichwa, ana tundu sikioni palipotolewa alama ya mradi wa wajane. Kutoka kwa Bihogo wakawafuata wengine, zizi kwa zizi.

Baba yako nimeshamwambia. Alikaa kidogo, akavaa kofia, akaenda moja kwa moja kwa Jean Paul mwenye televisheni kubwa, akamwomba amwekee benchi la mbele. Anamwambia kila anayepita, "Binti yangu amenitia katika tamthilia." Sijamwambia kwamba watu watamcheka. Nadhani anajua. Mtu aliyeitwa Ulimi miaka kumi na miwili, utamficha nini?

Mimi, kama ungeniuliza, ningesema mwache mzee apumzike. Lakini hukuniuliza, uliniuliza habari za mabati.

Shangazi yako,
Verediane


Kigali, 5 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imeniharibia kazi na usingizi.

Anayeigiza kama baba anaitwa Mucyo, kijana mtulivu, mtu wa kufikiri. Tulikuwa tumeshindwa kurekodi lile onyesho. Kila akipiga ukelele, mwongozaji alisema hapana, si wa kushtuka, rudia. Mucyo akasema, "Sijui kwa nini, lakini kila nikilisema neno hili nasikia mtu anayetaka kulisema." Tukamcheka. Nikaamua kumsomea barua yako, nikidhani habari za mbwa na mabati zitamsaidia.

Alinisimamisha katikati. Akauliza, "Lile kubwa, lililovunja meza, alisema nini?"

Nikasema, "Mama we."

"Na lile ambalo mbuzi hakulijali?"

Fikiria, shangazi. Mtu akishtuka kweli, linamtoka lile alilolizoea. Baba amezoea nini? Alipoungua kwa uji alisema "Mama we". Umeme ulipopiga mti wa jirani, "Mama we". Bihogo alikuwa wake kwa miaka miwili kabla ya siku ile, na katika miaka hiyo miwili sikumsikia hata mara moja akiapa kwa jina la Onésphore. Hatukujua hata kwamba ana ng'ombe. Tulijua tu kwamba maziwa ya mama yanatoka Nyakiriba. Ulimi ambao haukuteleza nyumbani kwake kwa miaka miwili, uteleze mbele ya tume, kwa tetemeko dogo?

Shangazi, muulize. Mimi siwezi. Nimemwandika mpumbavu kwa mkono wangu mwenyewe, na sehemu ya tisa inaonyeshwa Jumapili ya tarehe kumi na mbili Oktoba.

Iriza


Nyamyumba, 14 Septemba 2025

Iriza, binti yangu,

Kaa chini kabla ya kusoma.

Nilimfuata kwenye chemchemi ya maji moto. Siku hizi miguu inamsumbua, baada ya misa huenda kukaa pale ukingoni na wazee wenzake, suruali imekunjwa. Nilingoja wenzake wainuke, nikavua viatu, nikaingiza miguu kando ya yake. Nikamwambia, "Kaka, la kwanza ulisema Mama we."

Hakuniuliza la kwanza lipi. Halafu akasema, nami nakuandikia kama alivyosema: "Vere, we uko unatafuta nini na mambo ya zamani?"

Nikasema, "Natafuta la pili."

Akacheka kidogo. "Ya kwanza ilinikuta sijajiweka sawa," akasema. "Nikaogopa kama wote. Kisha nikaona wale wamama wanageuka na kamba zao. Nyiransabimana alikuwa ameifunga yake kiunoni, unakumbuka? Nikasema, bon, itarudi. Wiki ile ilikuwa inarudi kila wakati. Nikasimama nikangoja ardhi."

Iriza! Nilikuwa bega kwa bega naye! Niliona ameinamisha kichwa, nikadhani anasali.

Nikamuuliza, kwa nini usiseme tu? Kwa nini usinyooshe mkono, ukasema ng'ombe wa mradi yuko Nyakiriba, mimi ndiye niliyepewa? Alinitazama kama vile mimi ni mgeni wa nchi za mbali. "Mutu alikupa ng'ombe. Mukeo mugonjwa, akainywa ile maziwa mpaka siku ya mwisho. Utasimama umushitaki? Utaenda wapi na uso huo? Lakini kumushukuru, Vere, nani atakukataza? Nilimushukuru. Kwa sauti."

Nikasema, "Na ukajua watamchukua Bihogo."

"Nilijua."

"Na ukajua watakucheka."

"Hiyo sikujua kwamba itadumu," akasema. Tukacheka wote wawili mpaka machozi yakanitoka, na sijui kama yalikuwa ya kicheko.

Alipompokea Bihogo hakujua alikotoka. Onésphore alimwambia ametoka katika zizi lake mwenyewe, amfuge kwa Gratien ili wengine wasione wivu, na baba yako akaamini, maana mama yako alikuwa amebaki mifupa na hakuna aliyeuliza maswali. Lile tundu la sikioni aliliona baadaye, mama yako akiwa bado anakunywa. Alinyamaza. Mama yako alipozikwa, akaendelea kunyamaza, mpaka siku ya kamba.

Nimeishi na mtu huyu tangu utoto wetu Karagwe. Tulichunga pamoja, tulisoma darasa moja kwa kuwa yeye alirudia na mimi niliruka. Nilidhani namjua mpaka kucha. Sasa ninapomwona anapita na kofia yake, watoto wanamwita Ulimi naye anawapungia mkono, nashindwa hata kumtania. Nimemwogopa kaka yangu kwa namna ambayo ni nzuri.

Shangazi


Kigali, 19 Septemba 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shangazi ameniambia. Usimkasirikie, ni mimi niliyemtuma.

Sijui jinsi ya kukuandikia. Nimeanza barua hii na kuichana mara nyingi. Ninachotaka kusema ni kwamba nimekaa nikikufikiria pale uwanjani, peke yako katikati ya watu wote wale, unangoja ardhi itikisike ili ufanye jambo ambalo hakuna atakayejua kuwa umelifanya. Nimesoma vitabu vingi, baba. Sijawahi kukutana na mtu kama huyo, na kumbe alikuwa ananisukia nywele vibaya kila Jumapili baada ya mama kufa.

Bado kuna muda wa kurekebisha. Nimeshaliandika upya onyesho lile. Baada ya ukelele, Sibomana, yaani wewe, anabaki na mjane mmoja na kumweleza kila kitu. Nchi nzima itajua. Hakuna mtu atakayekuita Ulimi tena, na mimi sitakuwa tena binti wa mtu huyo, nitakuwa binti wa mtu mwingine kabisa, ambaye ndiye wewe.

Nipe ruhusa. Nakuomba.

Binti yako,
Iriza


Nyamyumba, 24 Septemba 2025

Binti yangu Iriza,

Marahaba. Mimi ni mzima ila miguu.

Nimesoma barua yako mara mbili na nimefurahi. Ruhusa sikupi.

Onésphore alitumikia kifungo chake akarudi. Ni mzee sasa, anakaa peke yake, watoto wake hawamtembelei. Kila Jumapili kanisani ananishika mkono, ananiambia, "Protais, ulimi wako!" nasi tunacheka. Yeye anaamini uliteleza. Akijua kwamba nilisimama nikangoja, nitakuwa nimemnyima hata hicho alichobaki nacho, kwamba mtu aliyepewa naye ng'ombe hakumgeuka. Aliwaibia wajane, ni kweli, na ameadhibiwa. Lakini mama yako alikunywa. Yote mawili ni kweli na mimi nimeyabeba yote mawili, sijaona sababu ya kuliangusha moja leo.

Kuchekwa si ugonjwa. Wewe ndiye uliyeumia zaidi yangu, na kwa hilo nakuomba msamaha.

Usiongeze neno. Benchi la mbele nimeshaliweka.

Baba yako,
Protais


Kigali, 30 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Nimetii. Lile nililoliandika upya nimelichoma kwenye jiko la mama mwenye nyumba, akaniuliza kama nimeachwa na mchumba.

Sibomana atabaki mtu wa kuchekesha. Hatamweleza mjane wala mtu yeyote. Neno sijaongeza hata moja, naapa.

Nimeongeza kitu kimoja tu ambacho si neno. Nimerudisha tetemeko la kwanza, kwa kuwa lilikuwepo, shangazi ni shahidi. Linakuja, Mucyo anasema "Mama we!" kama wewe. Halafu wajane wanageuka na kamba zao, naye anainamisha kichwa anaitazama ardhi. Basi. Anaitazama tu. Mwongozaji alisema tukikate, hapo hakuna kinachotokea. Nilimwambia akikikata naondoka kazini leo hii. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo, au labda najua. Kimebaki.

Watu watacheka, baba. Nitakuwa najua wanacheka nini. Siwezi kufika Jumapili hiyo kwa kuwa tunarekodi sehemu ya kumi na mbili. Nishikie nafasi kwenye benchi.

Iriza


Nyamyumba, 13 Oktoba 2025

Iriza,

Nimeamka kabla ya jogoo nikuandikie, maana nikisubiri wanawake wa soko watakufikishia wao, tena kwa kuongeza chumvi.

Saa kumi jana alasiri kwa Jean Paul hapakuwa na pa kuweka mguu. Wavuvi wote, kwa kuwa ziwa limefungwa, kwaya nzima, na watoto wametundikwa madirishani. Baba yako benchi la mbele, kofia imepigwa pasi. Kando yake aliacha nafasi wazi, kila anayetaka kukaa anamwambia ina mtu. Na nani akaingia, amesindikizwa na mjukuu wake? Nyiransabimana, ambaye macho yake yamekuwa mabovu na hajawahi kukanyaga kwa Jean Paul kwa kuwa kuna bia. Alisema ameambiwa wanaonyesha siku ya kamba. Baba yako akasimama, akamkalisha kwenye nafasi yako. Utatusamehe.

Ilipoanza, Iriza, nilisahau kupumua. Ziwa lenu la kitambaa! Naapa niliona mawimbi. Wale wanawake walipoingia na kamba, mji mzima ulinyamaza. Gentil peke yake akanong'ona, "Mi sijaonaka kitu kama hii. Iko sisi. Iko sisi kabisa!" Tetemeko la kwanza lilipokuja watoto waliruka kutoka madirishani wakidhani ni la kweli, na mwambie fundi wako mbwa wa Jean Paul alitoka nje.

Kisha wajane wakageuka waende. Na yule kijana wako akainamisha kichwa akaitazama ardhi. Nilimtazama baba yako, naye alikuwa anamtazama yule kijana, midomo imefunguka kidogo.

Likaja la pili, dogo. "Yampaye inka Onésphore!" isipokuwa ninyi mmeweka jina jingine. Basi, nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. "Ulimi! Ulimi!" Gentil alipiga meza. Baba yako alicheka kuliko wote, anajipiga mapaja, kama alivyofanya siku zote.

Nyiransabimana hakucheka. Alimuuliza mjukuu wake, "Alikuwa anaangalia wapi, kabla?" Mtoto akamwambia, "Chini, bibi. Alikuwa anaangalia chini, anangoja." Mama yule akashika bega la baba yako, akajiinua mpaka akasimama wima, mgongo wake ambao haunyooki ukanyooka, na akapaza sauti ambayo hatukujua kama bado anayo:

"Yampaye inka Protais!"

Kicheko kilikatika. Unajua kwamba Bihogo, walipomtoa Nyakiriba, alipewa yeye. Tulijua sote na hakuna aliyewahi kulifikiria. Miaka kumi na miwili mama huyu amekunywa maziwa ya ng'ombe yule na ya binti zake, na alikuwa hajaapa kwa jina la mtu, kwa sababu alidhani hakuna aliyempa. Alidhani ni serikali na bahati. Hakumshitaki mtu jana wala hakufichua kitu, alishukuru tu, kwa sauti. Na sijui kama kila mtu mle ndani alielewa, lakini Gentil alivua kofia yake, na waliokuwa nyuma yake wakavua zao, hata wale ambao nina hakika hawakuelewa.

Baba yako akauliza, polepole, "Bihogo yuko muzima?" Miaka yote hii hakuwahi kuuliza.

"Alikufa mwaka juzi, kwa uzee," akasema Nyiransabimana. "Iko mujukuu wake, rangi ile ile. Kesho asubuhi uje unywe."

Baba yako akafunika uso kwa kofia iliyopigwa pasi akalia mbele ya watu wote, nami nililia, na Jean Paul akazima televisheni kabla haijaisha, kwa hiyo mpaka sasa hatujui Mheshimiwa wenu alifungwa au la.

Ameondoka sasa hivi kwenda kwa Nyiransabimana. Nimemsindikiza kwa macho kutoka mlangoni. Pale kwenye kona ya mawe, mbuzi wa jirani amemrukia ghafla kutoka kichakani, na nimemsikia mpaka huku.

"Mama we!"

Shangazi yako,
Verediane